Daiari mbili nilizonunua Kampala: Anne na Hélène

Wiki mbili zilizopita nilikua Kampala nasubiri basi la kurudi Mbale, nikaingia duka moja la vitabu vya mitumba nikatoka na daiari za mabinti wawili wa Kiyahudi wa enzi za Hitler. Ya Anne Frank elfu 15, ya Hélène Berr elfu 20, zote za Kiingereza. Nianze na malalamiko niyatoe moyoni kabisa. Hiyo ya Anne nimeuziwa fotokopi imevishwa kava la kung'aa, tumefika Jinja ndo nagundua kurasa za 97 mpaka 112 ziko mara mbili, halafu 113 mpaka 128 hazipo kabisa! Kumpigia muuzaji, "pole nyabo, lete tu tubadilishe." Sasa nauli ya kwenda na kurudi si ndo bei ya vitabu vingine. Ukienda huko pekua kwanza ndo ulipe.

Ya Anne wengi mnaijua. Anapewa daiari akitimiza miaka 13, Juni 1942, hata mwezi haujaisha wameshaingia mafichoni nyuma ya ofisi ya baba yake Amsterdam, maana dada yake Margot wa miaka 16 kaletewa barua ya kwenda kufanya kazi Ujerumani. Watu 8, miaka miwili, mchana hakuna kukanyaga kwa kishindo wala kuvuta maji chooni kwa sababu wafanyakazi wa stoo wako chini. Nilichopenda ni kwamba hajifanyi malaika, anamsema mama yake, anagombania meza ya kuandikia na daktari wa meno waliyepangiwa chumba kimoja. Mdogo wangu ana miaka 15, nilimsomea pale pa meza akacheka mpaka basi, eti hao ni mimi na wewe.

Hélène ni habari nyingine. Huyu ana miaka 21, yuko chuo Sorbonne, anapiga fidla, na hajajificha popote, anatembea Paris mchana kweupe. Juni hiyo hiyo ya 1942 inatoka amri kila Myahudi wa kuanzia miaka 6 ashone nyota ya njano kwenye nguo. Mwanzo anasema havai, halafu anaona ni woga kuwaacha wenzake wavae peke yao, basi anaivaa na kutoka, anawatazama watu machoni mpaka wao ndo wanageuka pembeni. Wiki mbili baadae polisi wanamkamata baba yake, kisa nyota yake haikushonwa vizuri. Uzi tu jamani! Hapo nilifunga kitabu nikaangalia nje dirishani mpaka tukapita Iganga.

Tofauti yao naiona hivi, Anne anasikia kwa redio na kwa wale wanaowaletea chakula, Hélène anaona kwa macho, anahudumia watoto ambao wazazi wao wameshachukuliwa. Kuna kama miezi tisa haandiki kitu, na akirudi kuandika sio yule binti wa mwanzo. Kurasa anampa mpishi wa nyumbani amtunzie mchumba wa Hélène. Kurasa za mwanzo zinachosha kidogo, chai, muziki, majina ya mitaa ya Kifaransa, vumilia tu.

Hélène alipandishwa treni tarehe 27 Machi 1944, siku anatimiza miaka 23. Anne walimkamata Agosti mwaka huo. Wote walipitia Auschwitz wakaishia Bergen-Belsen, kambi za Wanazi wa Hitler, wote wakafa mwanzoni mwa 1945, Hélène siku chache tu kabla Waingereza hawajafika. Ya Anne baba yake aliitoa 1947, ya Hélène imechapwa 2008, ndo maana wengi hatumjui.

Hapa Mbale tuna Abayudaya pale Nabugoye, yaani Wauganda wa dini ya Kiyahudi, waliokatazwa dini yao enzi za Amin, kwa hiyo Myahudi kwetu sio wa kwenye Biblia tu. Nilitegemea mashuleni vitabu hivi viwepo, lakini hakuna.

Kama hela ni ya kimoja chukua Hélène. Mtoto wa shule mpe Anne, ila nzima. Na Anne anataja kwamba Margot pia alikua anaandika daiari yake, hiyo haijapatikana mpaka leo. Mi mwezi ujao narudi Kampala na fotokopi yangu mkononi, nataka 113 mpaka 128 zangu.