TAHADHARI: mnaochukua maembe Temeke Stereo, someni kabla ya alfajiri ya kesho

Jamani, nimelizwa. Naandika hapa mikono bado inatetemeka.

Leo saa kumi alfajiri nilikuwa sokoni, manyunyu, Fuso mbili ndiyo kwanza zinashusha. Mnaujua msimu huu, maembe ya Mkuranga, Kibiti na Rufiji yanaingia kwa fujo, na Krismasi hiyo hapo. Yule dalali aliponiona tu: "Dada yangu umechelewa, ya kwako nimekufichia." Matenga manne ya dodo, pembeni, chini ya turubai. Akavuta moja, akafumua wavu mbele yangu, akatoa embe, akalifuta kwenye fulana yake, akalikata, akanipa nusu. Tamu! Maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikazamisha mkono mpaka begani nikatoa la chini kabisa, nalo zima. Nikasema tufungue na mengine. "Dada, nikiyafumua yote nani atanishonea? Shamba moja, mkulima mmoja."

Msiniambie sikuwa makini. Novemba nimechukua kwake mara mbili, mzigo safi. Mara ya pili nilimzidishia 5,000, akanikimbilia mpaka kwenye kirikuu kunirudishia. Mtu anayekurudishia hela yako gizani, utamdhania nini?

45,000 mara nne. 180,000 nikatuma kwa simu, na ya kutolea juu. Hela yenyewe mnajua ilikotoka, na Jumapili wenzangu wa kikoba wanaisubiri.

Kufika Rangi Tatu ninakouzia, kumepambazuka. Tenga lile la kwanza halikuwa na tatizo. Nafungua la pili: safu moja ya dodo za njano juu, chini yake nyasi kavu, chini ya nyasi viembe vya kienyeji, vingine vimebonyea vinatoa maji meusi. Katikati, kifurushi cha gazeti kina unga wa kijivu. Kabaidi! Ile ya wachomelea vyuma. Harufu kama kitunguu saumu kilichooza. Nikakata embe moja la njano: ndani jeupe kama muhogo, kokwa halijakomaa, kisu kikapita mpaka upande wa pili.

Na mteja wangu wa kwanza alishashika fungu, mama ana mtoto mgongoni. Ikabidi nimwombe arudishe, watu wanatazama. Ile aibu sijui nitaisahau lini. Na yule mtoto angekula?

Nikapiga simu, ikaita, ikakatwa, ikazimwa. Saa tatu nikarudi sokoni. Hakuna anayemjua! Wale wale wanaomwita kwa jina kila siku, leo wananiuliza "dalali yupi?"

Dalili sasa ndiyo naziona. Yeye ndiye aliyechagua tenga la kufungua. Yale mengine kuli alinyanyua peke yake, mepesi, nikaona nikapuuza. Maembe yote njano tupu, hakuna doa la kijani, na ukinusa kwenye kikonyo hakuna harufu ya embe. Wavu mpya kwenye tenga kuukuu. Kuna jingine kuhusu mshono, nikitulia nitaeleza.

Lakini huyu mtu asiachwe. Anyang'anywe sehemu yake sokoni, apelekwe polisi, alipe kila shilingi, na waliomficha nao wahojiwe. Wakala wa Vipimo mnahangaika na lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kipimo, vizuri, njooni basi na kwenye matenga. Kumvundikia mtu embe kwa kabaidi ili ampe mwanawe ni unyama, na anajua anachofanya, ndiyo maana kaweka nyasi.

Matenga mawili ya mwisho sijayagusa, mshono uko vilevile alivyoushona. Kesho saa kumi nayarudisha nikayafumulie mbele ya mwenyekiti wa soko. Mnaochukua mzigo upande ule, naombeni mje tusimame wote.