Gemu za jikoni: ipi ulipie, ipi uiache

Supu inaungua. Mdogo wangu anapiga kelele "sahani, sahani!", mimi nimeshika nyanya ambayo hakuna mteja aliyeiagiza, na lori lililobeba nusu ya jiko letu limeshaanza kutuacha. Hapo hata dakika mbili hazijaisha. Hiyo ndiyo Overcooked, na kwangu ni namba moja.

Toleo la kununua ni Overcooked! All You Can Eat, maana limebeba gemu ya 2016, ya pili ya 2018 na nyongeza zake zote. Ukikuta ile ya 2016 peke yake kwa bei ya kutupa, jua kwamba haichezwi kwa intaneti. Lazima mkae chumba kimoja. Kazi yenyewe hata mtoto ataielewa: kata vitunguu vitatu, tia sufuriani, pakua, peleka dirishani, osha sahani ikirudi. Kinachokutoa jasho ni jiko lenyewe. Melini meza zinateleza huku na huku, barabarani jiko liko juu ya malori mawili yanayoachana. Sufuria ukiisahau motoni, jiko linawaka, na mmoja wenu aache kila kitu akimbilie mtungi wa kuzimia moto. Mnacheza hadi wanne, kwa hiyo hesabu padi zako (vile vidhibiti vya mkononi) kabla ya kulipa. Ukiwa peke yako unaongoza wapishi wawili kwa zamu, na utamu wote unayeyuka. Huna wa kucheza naye? Ruka.

Wewe wa peke yako nenda PlateUp!, iliyotoka 2022 kwenye kompyuta. Mgahawa ni wako: unapanga meza, majiko na sinki utakavyo, na kila baada ya siku chache unachagua kadi moja kati ya mbili, zote na shida zake. Labda ongezeko la chakula kwenye menyu, labda wateja wenye haraka zaidi. Mteja mmoja tu akichoka kusubiri, biashara imekufa, unaanza upya. Ukifikisha siku ya 15 umeshinda. Mimi nilikuwa nafilisika kwa sababu ya kijinga kabisa: sinki niliweka mbali na jiko, nikawa nashinda njiani na vyombo vichafu. Baadaye unafunga mikanda ya kusogeza vitu na mashine, kazi nyingine zinajifanya zenyewe.

Hizi za kompyuta ukinunua Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 iwapo hujacheza zaidi ya saa mbili. Zitumie saa hizo kupima kama kompyuta yako inaiweza, usizimalize kwenye mafunzo ya mwanzo.

Laptopu imechoka? Cook, Serve, Delicious! ya 2012 ni nyepesi. Kila kiungo kina herufi yake kwenye kibodi, ukishazizoea unaandaa baga bila kutazama vidole. Katikati ya foleni ya mchana unakumbushwa kuosha vyombo, kutupa taka na kutega panya. Aliyewahi kusaidia kwa mama ntilie saa saba mchana ataitambua hali hiyo.

Kwenye simu chaguo langu ni Papa's Freezeria To Go! ya Flipline Studios. Unalipa mara moja, basi. Unapokea oda, unajaza kikombe cha aiskrimu, unasaga, unapamba juu, na mteja anakupa alama kwa kila hatua. Haina kishindo cha zile za juu, lakini haikuombi hela tena.

Cooking Fever nimeiweka mwisho ingawa ni ya bure. Ilitoka 2014, imetengenezwa na Nordcurrent ya Lithuania, na kasi yake ni nzuri kwelikweli: baga, soda, chipsi, vidole vinakimbizana. Mwanzo mtamu. Halafu vifaa bora na migahawa mipya vinaanza kudai almasi, na almasi hujilimbikiza taratibu mno, isipokuwa ukizinunua kwa pesa halisi. Mwenye subira ataicheza bila kutoa shilingi. Kama simu inashikwa na watoto, ingia kwenye mipangilio ya Google Play uweke nywila kwa kila manunuzi, tena kabla ya kuipakua.