Kielelezo kimekataliwa: upinge sasa au usubiri hukumu?

Mabishano haya hayaishi mahakamani Tanga. Tuseme una kesi ya shamba la Muheza. Mkataba wako wa mauziano ni fotokopi, upande wa pili wanapinga, hakimu anaukataa usiwe kielelezo, yaani hati au kitu cha ushahidi. Ukimbilie mahakama ya juu?

Uingereza, kwenye madai, mtu huomba ruhusa ya kukata rufaa. Kwetu mlango ni mwembamba zaidi: Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141, hairuhusu rufaa wala mapitio (mahakama ya juu kuukagua uamuzi) dhidi ya uamuzi mdogo, ule unaotolewa kesi ikiendelea, wa Mahakama Kuu, isipokuwa uwe umeimaliza kesi. Mahakama za chini nazo zina katazo kama hilo. Kielelezo kukataliwa kwa kawaida hakumalizi kesi.

Kwa gharama, kusubiri kunashinda waziwazi. Ukienda sasa unalipa wakili, kesi inasimama, mashahidi wazee wanasahau, halafu unaambiwa umekuja mapema. (Wapo wanaotaka hasa huko kusimama. Hao tuwaache.)

Kusubiri nako kuna kazi yake. Hoja ya pingamizi na uamuzi viingie kwenye mwenendo wa kesi (kumbukumbu rasmi za mahakama), ndipo uvitumie kama sababu ya rufaa baada ya hukumu. Na kabla ya hapo, tafuta mkataba halisi, au eleza ulivyopotea ili nakala ipokelewe.

Lakini kama uamuzi wenyewe umeifuta kesi nzima, usingoje kitu: siku za rufaa zimeshaanza kuhesabiwa.