Meza ya kuchezea maji na mchanga: nimeitumia winta nzima, haya ndo niliyoyaona

Kwanza niseme ukweli, sikuinunua kwa ajili ya baridi. Ni ile meza ya plastiki ya watoto yenye beseni mbili, moja la maji moja la mchanga, na kifuniko juu. Niliichukua wakati wa joto wakaichezea nje mpaka majani yakaanza kudondoka, nikaiosha nikaitupia stoo.

Halafu theluji ikaja. Nina wa miaka 4 na wa miaka 2, na kama hujawahi kuvalisha watoto wawili nguo za theluji kwa mpigo hutonielewa, sweta, ovaroli, buti, kofia, glavu, unafunga zipu ya wa pili yule wa kwanza anakwambia mama mkojo. Nusu saa ya kuvaa, dakika kumi nje, mdogo kashavua glavu kashika theluji vidole vyekundu analia, haya turudi ndani. Siwalaumu, mwili mdogo unapoteza joto haraka kuliko wetu. Ila siku nzima sebuleni na watoto ambao hawajachoka, jamani!

Siku moja nikachoka nikasema kama wao hawawezi kukaa kwenye theluji basi theluji ije kwao. Nikaitoa meza stoo, nikatandika turubai chini na mataulo mawili, nikaenda nje na ndoo nikajaza beseni zote mbili. Vijiko, vikombe, magari mawili, dinosaria. Mikono ikiganda wanaipasha wanarudi, hakuna buti hakuna zipu. Walicheza karibu saa nzima, na mimi nikanywa chai ikiwa bado ya moto, kitu ambacho sikumbuki mara ya mwisho kilitokea lini.

Kilichonifurahisha zaidi ni pale ilipoanza kuyeyuka. Theluji iliyotoka kuanguka ni hewa tupu, sentimita 10 ukiziyeyusha unapata maji kama sentimita 1 hivi, sasa mkubwa kaona beseni lilokuwa limefurika lina kimaji cha chini tu akanigeukia mimi, nani kaichukua?? Ikabidi tupime kwa kikombe kesho yake na kesho kutwa, kila siku anaamini kuna mwizi.

Tukaendelea na mengine. Chupa ya kupulizia yenye maji na rangi ya chakula kidogo, wanachora juu ya theluji (weka kidogo kweli, mimi nilimimina tukatembea na mikono ya bluu siku mbili). Pia nagandisha wanyama wa plastiki kwenye kontena la maji halafu nawapa maji ya uvuguvugu na kijiko wawaokoe. Usijaze kontena mpaka juu, maji yakiganda yanaongezeka kama asilimia 9, langu moja lilipasuka. Chumvi inaitoboa barafu vizuri na wanapenda kuona vile vishimo, lakini barafu na chumvi vikichanganyika baridi yake inashuka chini ya sifuri na inaweza kuunguza ngozi, kwa hiyo chumvi ni ya mkubwa tu, na glavu, na mimi nipo pembeni.

Wiki zenye theluji kidogo, beseni moja tunaweka ule mchanga laini unaoshikana, ambao ni mchanga mtupu kama asilimia 98 na kilichobaki ni mafuta ya silikoni, ndo maana haukauki. Ila usikutane na maji! Mdogo alihamisha theluji beseni la huku kwenda la kule na mchanga wote ukawa uji, nikautupa. Meza ingekuwa na ukuta mrefu zaidi katikati hili lisingetokea, hapo wametuangusha.

Kitu ambacho hakiingii kwenye meza yangu ni zile shanga za maji zinazovimba. Zinavutia nakubali, ila mtoto akimeza moja inaendelea kuvimba tumboni na inaweza kuziba utumbo, na kwenye eksirei mara nyingi haionekani. Hapana kwa kweli.

Mabaya mengine: kizibo cha chini kinavuja, nimekifunga mfuko wa plastiki ndo kikatulia. Miguu ni mifupi, wa miaka 2 anaifurahia, wa miaka 4 anapiga magoti. Na sakafu inateleza hata uweke turubai, nimeanguka mimi siyo wao. Maji hata kama ni kidogo siwaachi nayo peke yao, nikienda chooni kifuniko juu.

Na msinielewe vibaya, haichukui nafasi ya kukimbia. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa umri huu wanahitaji angalau dakika 180 za kujishughulisha na mwili kwa siku, na kusimama mezani kuchota theluji sidhani kama kunafika huko. Kwa hilo tunaenda ukumbi wa michezo ya ndani wenye mipira na vitelezi, kelele zake kichwa kinagonga mpaka jioni, ila wanalala. Au boksi kubwa la kadibodi, ambalo kusema kweli limeshindana na hii meza vibaya mno, na hata makumbusho ya The Strong kule Marekani yaliliingiza boksi kwenye orodha yao ya vichezeo vya heshima mwaka 2005, sasa mimi ni nani nibishe.

Nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeondoka na kile kizibo.

Theluji imeisha nje lakini kuna kontena lake kwenye friza, limekuwa gumu kama jiwe, na nimepigwa marufuku kulitupa kwa sababu yule mwizi bado hajapatikana.