Windows 11 na faili za karibuni: mkato wa kibodi ambao wengi hawautumii

Mtu wa ofisini hurudia faili zilezile wiki nzima: jedwali la mishahara, barua ambayo mkuu ameirudisha ifanyiwe marekebisho, ripoti ya mwezi isiyokwisha. Hata hivyo wengi bado huzifikia kwa kufungua folda ndani ya folda, ilhali Windows 11 ina njia kadhaa za kuzifungua bila mtumiaji kukumbuka alizihifadhi wapi. Njia hizo hazilingani kwa ubora, na kwa maoni yangu iliyo bora kuliko zote ndiyo inayotumiwa na watu wachache.

Njia hiyo ni kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Alt na tarakimu. Tuseme Excel ni ikoni ya tatu katika upau ulio chini ya skrini. Ukishikilia Windows na Alt kisha ukabonyeza 3, juu ya ikoni hiyo hujitokeza orodha fupi ya majedwali uliyoyafungua karibuni. Unalifuata jina unalolitaka kwa vitufe vya mishale, unabonyeza Enter, na jedwali linafunguka hata kama Excel yenyewe ilikuwa imefungwa. Hesabu huanzia kushoto, na 0 husimama badala ya kumi. Kwa sababu hiyo inafaa kuzipanga ikoni mara moja na kuziacha mahali pake, maana vidole huzoea namba haraka kuliko macho yanavyozoea picha. Orodha yenyewe si ngeni, kwani imekuwapo tangu Windows 7 ilipotoka mwaka 2009, na anayependa kipanya huipata kwa kubofya ikoni kwa kitufe cha kulia.

Upungufu wake ni ufupi. Siku ambayo umefungua viambatisho vingi vya barua pepe, jedwali la mishahara husukumwa nje ya orodha na nyaraka ambazo hutazihitaji tena. Dawa yake ni alama ndogo ya pini inayoonekana kando ya kila jina unapolisogezea kipanya: ukiibofya, faili hiyo hupanda sehemu ya juu ya orodha na kubaki huko mpaka uiondoe mwenyewe. Bila pini, mkato huu ni wa kubahatisha kidogo. Ukiwa nayo, sioni sababu ya kujaza skrini ya mwanzo kwa ikoni za nyaraka.

Kubonyeza Windows na E hufungua dirisha la kuvinjari faili, ambalo huonyesha folda za haraka juu na faili za karibuni chini yake. Hapa hati za Word, picha na PDF huchanganywa pamoja, jambo linalomfaa asiyekumbuka alitumia programu gani. Ndani ya Word au Excel, Ctrl na O hukupeleka kwenye ukurasa wenye orodha ndefu zaidi ya nyaraka za programu hiyo.

Ipo pia njia ya mafundi: bonyeza Windows na R, andika neno recent, kisha Enter. Hufunguka folda ambamo mfumo huweka kumbukumbu za faili na folda ulizozifungua, na ukiipanga kwa tarehe unaweza kuipata hati iliyokwisha kutoweka katika orodha fupi. Lakini ni lazima kufahamu kwamba vilivyomo humo ni viungo tu vinavyoelekeza faili zilipo, wala si faili zenyewe. Anayenakili kitu kutoka humo na kukiweka kwenye flashi, akaenda kuchapisha kwenye duka la steshenari, atafika kaunta akiwa na jina la barua pasipo barua. Vivyo hivyo, faili iliyohamishwa au iliyokuwa kwenye flashi iliyochomolewa huweza kubaki katika orodha hizi ingawa haifunguki.

Dosari ninayoiona kuwa kubwa zaidi inahusu faragha. Katika kompyuta ya steshenari, ambako wateja huja kuandika wasifu na barua za kuomba kazi, majina ya faili za mteja wa asubuhi huweza kusomwa na mteja wa jioni, na mara nyingi jina la faili ndilo jina la mtu. Kinga ipo kwenye mipangilio, inayofunguliwa kwa Windows na I, katika sehemu ya mwonekano inayohusu menyu ya Start. Tatizo ni kwamba, katika matoleo niliyoyatumia, swichi moja hutawala mapendekezo ya faili katika menyu hiyo pamoja na orodha za ikoni, kiasi kwamba anayechoshwa na mapendekezo hulazimika kupoteza na mkato bora kabisa wa mfumo huu. Zingetenganishwa, ningeupa mfumo alama za juu bila kusita.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja, swichi hiyo iachwe wazi na faili nne au tano za kila siku zibandikwe pini. Kwa kompyuta ya kaunta, izimwe kabla mteja wa kwanza hajaketi.