Kuhifadhi mchujo wa data: Excel au Google Sheets?

Karibuni watazamaji. Leo ni jambo moja tu la lahajedwali: ukishachuja data yako, yaani kubakiza mistari unayoihitaji tu ionekane, ikakaa unavyotaka, unauhifadhije mchujo huo ili kesho usianze kubonyeza upya?

Tuanze na Excel. Kwenye menyu ya View kuna kitu kinaitwa Custom Views, kimo humo miaka mingi na wengi hawajawahi kukigusa. Chuja data, ficha safuwima usizozihitaji, bonyeza Add, upe mwonekano jina. Umemaliza. Kinakumbuka mchujo, vilivyofichwa, hata mipangilio ya kuchapisha. Kwa mtu anayechapa ripoti zilezile kila mwezi, hapo amepata.

Sasa dosari, na ni kubwa. Ukiwa na jedwali rasmi (Table), lile unalolitengeneza kwa kubonyeza Ctrl+T, hata kama liko kwenye karatasi nyingine ya faili hilohilo, kitufe cha Custom Views kinafifia na hakibonyezeki. Na majedwali hayo ndiyo tunayohimizana kuyatumia kila siku! Kwangu mimi hapo Excel imepoteza alama nyingi.

Humohumo Excel ipo pia Sheet View, iliyotengenezwa kwa wanaofanya kazi pamoja. Unachuja upande wako na mwenzako habadilishiwi kitu, ukipenda unabonyeza Keep ibaki. Ila faili lazima likae OneDrive au SharePoint, hifadhi za mtandaoni za Microsoft. Lililo kwenye kompyuta yako tu, sahau.

Twende Google Sheets, na hapa ndipo penyewe. Angalieni vizuri: mchujo wa kawaida ukiuwasha, kila aliyefungua faili anaona data imepungua. Mtu anatafuta jina halioni, anadhani limefutwa, analiandika tena. Dawa yake ni mwonekano wa kichujio (filter view). Upo kwenye menyu ya Data. Tengeneza mmoja “Hawajalipa”, mwingine “Wamelipa nusu”, uhifadhi, kisha unahama kutoka huu kwenda ule papo hapo. Kila mtu anafungua wake, hakuna anayemvurugia mwenzake.

Kilichonikosha zaidi ni kwamba kila mwonekano una kiungo chake. Badala ya kumwelekeza mtu “nenda safuwima ya tano, chagua hiki, ondoa kile”, unamtumia kiungo, anafika moja kwa moja. Hata mwenye ruhusa ya kutazama tu anaweza kuchuja kwa muda, ingawa wa kwake hautahifadhiwa.

Kwa hiyo: unafanya kazi peke yako na huna majedwali ya Ctrl+T, Custom Views inakutosha. Mko wengi, nachagua Google Sheets bila kusita.

Ila shikeni hili, tafadhali. Kinachohifadhiwa ni namna ya kutazama, data ni ileile. Ukifuta mstari ndani ya mwonekano wako, umefutika kwa wote. Na kuchuja si kuficha siri: yeyote anayeweza kulifungua faili anaweza kuondoa mchujo akaona kila kitu. Mishahara ya watu iwekeni kwenye faili lake peke yake.