Adapta ya USB-C kwenda HDMI: laptopu ya Linux na televisheni katika kikoba cha Sakina, Arusha

Kikoba chetu cha Sakina kina wanachama ishirini na wawili, na kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana sebuleni kwa mweka hazina, ambako kuna televisheni ya inchi 43 yenye pikseli 3840 kwa 2160. Mimi ni katibu. Hesabu za hisa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii naziandika katika jedwali la LibreOffice Calc, ndani ya laptopu ya mtumba ya mwaka 2018 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na mfumo wa Ubuntu 24.04, ambao ni aina ya Linux. Wanachama waliazimia kwamba hesabu hizo zisisomwe tena kwa mdomo kutoka daftarini, bali kila mmoja azione kwa macho yake kwenye kioo kikubwa. Ili kulitimiza azimio hilo nilinunua, kwa nyakati tofauti, kebo ya HDMI, habu yenye matundu mengi, na adapta ndogo ya USB-C kwenda HDMI. Adapta ndiyo iliyobaki kazini hadi leo, nayo ndiyo ninayoitathmini hapa. Lakini thamani yake haieleweki bila kueleza kwanza vile vingine viwili vilikwamia wapi.

Nilianza na kebo kwa sababu laptopu ina tundu la HDMI ubavuni. Ubuntu ilitambua televisheni mara tu nilipochomeka, bila kuweka dreva yoyote (programu ya kuendesha kifaa), kwa kuwa dreva ya kadi ya picha ya Intel imo ndani ya Linux yenyewe. Picha ilitokea nzuri, herufi zimekolea, lakini mshale wa mausi ulikuwa ukiruka badala ya kuteleza, na jedwali nilipolishusha lilikwenda kwa mishtuko. Nilipofungua mipangilio ya skrini nikakuta televisheni inapokea picha 30 tu kwa sekunde, na hakukuwa na chaguo la juu zaidi kwa ukubwa huo. Sababu yake ni hesabu ya wazi: tundu la HDMI la laptopu hii ni la toleo la 1.4, lililotoka mwaka 2009 na lenye uwezo wa gigabiti 10.2 kwa sekunde, ilhali picha ya pikseli 3840 kwa 2160 mara 60 kwa sekunde inahitaji toleo la 2.0 la mwaka 2013, lenye gigabiti 18. Hata kebo iwe bora kiasi gani, haiwezi kupitisha kile ambacho tundu halitoi.

Nikashusha picha hadi pikseli 1920 kwa 1080, ambapo picha 60 kwa sekunde zilipatikana bila shida. Hapo ndipo likazuka jambo ambalo nataka kila mwenye nia ya kuonyesha hesabu kwenye televisheni alijue kabla hajaalika watu. Kikao kilikuwa kimejaa. Mama mmoja mtu mzima, ambaye hajawahi kukosa kununua hisa tangu kikoba kianzishwe, alikitazama kioo kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole: "Katibu mwanangu, hisa zangu za mwezi huu mmeziweka wapi?" Kwenye laptopu zilionekana. Kwenye televisheni safu ya mwisho ya kulia haikuwepo, wala mstari wa jumla ulioko chini kabisa. Kioo kilikuwa kimekata kingo za picha, karibu upana wa vidole viwili kila upande, na bahati mbaya hapo ndipo panapokaa majibu ya kila hesabu. Ilinibidi nisogeze jedwali mbele ya watu wote ndipo mama aone fedha zake, na ingawa alitosheka, mimi sikutosheka, kwa maana katika fedha za watu jambo lililofichika hata kwa dakika tatu huacha shaka.

Ukataji huo si kosa la Linux wala la kebo. Ni urithi wa televisheni za zamani za chogo, ambazo kingo za picha yake hazikuwa thabiti, hivyo watengenezaji wakaikuza picha kidogo ili kingo hizo zijifiche nyuma ya fremu. Televisheni za sasa hazina tatizo hilo, lakini nyingi zimeendelea kukuza picha ya HDMI kama mazoea. Dawa yake imo kwenye rimoti, katika sehemu ya ukubwa wa picha: kwa televisheni za LG hutafutwa "Just Scan", kwa Samsung "Fit to Screen", na kwa aina nyingine huwa ni neno lolote linaloashiria kwamba pikseli zionyeshwe kama zilivyo. Wako wanaotafuta dawa upande wa kompyuta, kwa kuipunguza picha ili iingie ndani ya fremu, na baadhi ya dreva za AMD zinaruhusu hivyo. Mimi nashauri hiyo iwe njia ya mwisho kabisa, kwa sababu picha ikikuzwa na televisheni baada ya kupunguzwa na kompyuta, herufi ndogo zinapoteza ukali wake mara mbili.

Baada ya kingo kurudi, bado herufi za pikseli 1920 kwa 1080 zilikuwa nene kwenye kioo chenye uwezo mara nne ya huo. Kwa kuangalia mpira au picha za harusi zingetosha kabisa, na mwenye televisheni ya kawaida ya 1080 hana haja ya kununua chochote zaidi ya kebo. Lakini jedwali letu lina safu kumi na sita, na waliokaa nyuma karibu na mlango hawakuzisoma.

Kununua habu lilikuwa kosa langu la pili. Iligharimu shilingi 55,000, ina tundu la HDMI, matundu matatu ya USB na mahali pa kuchajia, na kwa ofisi ni kifaa cha kupendeza. Kwenye televisheni ilirudi palepale: picha 30 kwa sekunde. Tundu la USB-C la laptopu hutoa picha kwa mfumo wa DisplayPort kupitia njia nne, na kwa toleo la 1.2 kila njia hubeba gigabiti 5.4 kwa sekunde. Habu yenye matundu ya USB ya kasi huchukua njia mbili kati ya hizo kwa ajili ya data na kuiachia picha njia mbili zilizobaki, ambazo hazitoshi. Adapta isiyo na kazi nyingine ila kutoa HDMI huzitumia zote nne. Kwa hiyo kifaa kidogo chenye tundu moja kinakipita kikubwa chenye matundu matano, na anayenunua kwa kuhesabu matundu atalipa zaidi apate pungufu. Habu niliipeleka kwa kijana wangu anayesoma chuo, ambaye anaitumia vizuri.

Adapta yenyewe niliinunua shilingi 35,000 katika duka moja la vifaa vya kompyuta mjini, barabara ya Sokoine. Muuzaji aliniruhusu kuichomeka kwenye laptopu yangu na kwenye televisheni ya dukani kabla sijalipa, na kwa maoni yangu duka lisiloruhusu jaribio la namna hiyo halistahili fedha ya mtu, kwa sababu maandishi ya kwenye boksi husema "4K", yaani pikseli 3840 kwa 2160, bila kusema ni mara ngapi kwa sekunde. Tafuta yaliyoandikwa waziwazi 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Hakikisha pia kwamba tundu la USB-C la laptopu yako linatoa picha, kwani yapo yanayotoa data na chaji tu. Alama ya radi ya Thunderbolt, au ile ya DisplayPort inayofanana na herufi D na P zilizoungana, ikiwa pembeni mwa tundu, ni dalili njema. Kwa kebo ya kutoka adapta hadi televisheni nilichagua ya mita tatu yenye kibandiko cha "Premium High Speed", kwa kuwa kebo ndefu isiyo na ubora huufanya mwonekano uzimike na kurudi, na fundi asiyejua atakuambia laptopu imeharibika.

Siku ya kwanza nyumbani adapta ilinitia wasiwasi, maana bado 30 ilibaki. Kilichokosekana kilikuwa upande wa televisheni. Nyingi kati ya hizi za 4K huja tundu la HDMI likiwa limebanwa katika uwezo wa zamani, na mwenyewe anatakiwa alifungue: kwa Samsung ni "Input Signal Plus", kwa LG ni "Deep Colour", kwa Sony ni "Enhanced format". Televisheni huipa kompyuta orodha ya picha inazoweza kupokea, na Linux huiamini orodha hiyo kama ilivyo. Ikibanwa, 60 haimo. Nilipolifungua tundu, nikachomoa na kuchomeka tena, 60 ilitokea katika mipangilio, na mausi ikateleza kama kwenye skrini ya laptopu.

Lilibaki suala la rangi, nalo lilinigusa kwa sababu ya kazi yetu. Mikopo iliyochelewa naiandika kwa rangi nyekundu juu ya kijivu, na kwenye televisheni tarakimu hizo zilionekana zimevuja, 3 na 8 zikifanana, huku zile nyeusi zikisomeka vizuri. Televisheni huona kwamba imeletewa filamu, hivyo hupunguza taarifa za rangi na kubakiza za mwanga, na jicho halitambui hasara hiyo katika sura za watu bali katika maandishi membamba ya rangi. Nilipobadilisha jina la tundu hilo kwenye menyu ya televisheni kuwa "PC", tarakimu nyekundu zilikaza. Vilevile ucheleweshaji mdogo kati ya mkono na mshale ulipungua, kwa kuwa televisheni iliacha kuichakata picha. Hatua hii ni ya bure, haichukui dakika moja, na ningeiweka ya kwanza kabisa kwa yeyote anayeonyesha fedha.

Kwa upande wa Ubuntu sina lalamiko. Katika kikao cha Wayland (mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), ambacho ndicho cha kawaida, kila skrini inaweza kuwa na ukuzaji wake: laptopu yangu iko kwenye asilimia 100 na televisheni kwenye 200, hivyo herufi ni kubwa na kali kwa pamoja. Kitufe cha Super (chenye alama ya Windows) pamoja na P hubadilisha kati ya kurudufu picha na kuitandaza. Mimi hutandaza, ili daftari lenye namba za simu za wanachama libaki kwangu na jedwali pekee liende ukutani, na huzima arifa kabla ya kuanza. Sauti haikuhamia yenyewe kwenye televisheni. Huchaguliwa katika sehemu ya sauti, kwenye jina lenye HDMI au DisplayPort. Umeme ukikatika, jambo ambalo limetukuta mara mbili kikao kikiendelea, televisheni huzima lakini madirisha yote hukimbilia skrini ya laptopu na hakuna kinachopotea. Ukirudi, mpangilio wa skrini hurejea ulivyokuwa.

Nilijaribu pia kurusha picha bila waya kwa programu ya GNOME Network Displays. Picha tulivu ilifika, jedwali linalosogezwa lilichelewa, nami sikuendelea. Kuhusu adapta za bei nafuu zinazochomekwa kwenye USB ya kawaida ya mstatili, mwenye Linux asizinunue bila kujua chipu iliyomo: zile za DisplayLink zinahitaji dreva ya kuongeza, na nyingine hazina dreva ya Linux kabisa.

Baada ya miezi sita ya Jumamosi, adapta haijawahi kupoteza picha katikati ya kikao. Hupata joto la kuhisika mkononi baada ya saa mbili, lakini si la kutisha. Udhaifu ninaouona ni mkia wake mfupi, wa sentimita kumi na tano hivi, ambao huachia uzito wote wa kebo ya HDMI uning'inie kwenye tundu la laptopu, na tundu la USB-C likilegea ni gharama kubwa kuliko adapta yenyewe. Ningelipa shilingi elfu tano zaidi kwa mkia wa sentimita thelathini. Kwa sasa kebo naifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza, na yule mama, ambaye hukaa karibu zaidi na meza hiyo, huiangalia kama imekazwa kabla sijawasha.